Haja kubwa ikikuponyoka, usijifiche: misuli hufundishika

KUNA maradhi ambayo watu huyasimulia bila kuulizwa. Mwenye shinikizo la damu atakueleza kipimo chake mkiwa ndani ya matatu, na mwenye vidonda vya tumbo atakuhesabia vyakula alivyokatazwa hata kabla hujamkaribisha mezani. Lakini lipo tatizo moja ambalo mke humficha mume aliyeishi naye miaka ishirini, na mzee humficha mwanawe anayemlipia gharama za hospitali. Tatizo hilo ni kushindwa kuzuia haja kubwa.

Msomaji mpenzi, usigeuze ukurasa. Kurasa hizi husomwa na familia nzima, pengine chai ikiwa mezani, na huenda ukaona kwamba mada hii haikai vizuri mbele ya watoto. Lakini huenda pia katika nyumba hiyo hiyo yuko mtu ambaye hufua nguo zake za ndani usiku wenzake wakiwa wamelala, na ambaye amengoja miaka mingi kusikia jambo hili likitajwa bila mtu kucheka.

Wala watu hao si wachache. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Marekani mwaka wa 2005 na 2006, watu wazima wapatao 8 kati ya kila 100 walikiri kwamba choo kiliwatoka bila hiari angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Hao walikuwa watu wanaoishi majumbani mwao, si wagonjwa waliolazwa. Miongoni mwa vijana wa miaka 20 hadi 29, walikuwa karibu 3 kati ya 100. Miongoni mwa waliotimiza miaka 70 na zaidi, walifika 15. Na iwapo ulidhani kwamba hili ni tatizo la akina mama pekee, basi jua kwamba wanaume hawakuachwa nyuma sana.

Habari njema ni kwamba wengi wao wanaweza kupata nafuu, na si lazima wapasuliwe. Mojawapo ya njia za kuwasaidia huitwa bayofidibaki, yaani kumfundisha mgonjwa kuitawala misuli yake kwa kumwonyesha kwa macho kile ambacho misuli hiyo inafanya. Njia hii si uganga wala si muujiza. Ni masomo, na kama masomo yote, yana mwalimu, mwanafunzi na kazi ya kufanyia nyumbani.

Maisha yanayopungua

Tatizo hili kwa kawaida haliui, na ndiyo sababu wengi hulivumilia. Badala yake humnyang'anya mtu maisha yake kidogo kidogo. Kwanza mtu huacha kupanda matatu asubuhi kwa kuogopa msongamano wa magari mahali pasipo na choo. Kisha hubadilisha kiti chake kanisani, akaketi nyuma karibu na mlango. Muislamu naye hutatizika na udhu wake, akaanza kuswalia nyumbani. Baadaye mama huacha kuhudhuria chama, arusi na matanga, na bintiye akimwalika kulala kwake, husingizia kazi nyingi kwa kuchelea kuyachafua mashuka ya watu.

Majirani husema amekuwa na maringo. Mume hudhani hapendwi tena. Mwanafunzi wa shule ya bweni mwenye shida hii hupewa jina la kejeli litakalomwandama hadi kidato cha nne. Hakuna hata mmoja wao anayejua ukweli wa mambo, kwa sababu mwenyewe hajasema.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika jambo hili, afichaye hata daktari hana la kumfanyia.

Mlango wenye mabawabu wawili

Ili uelewe namna tiba hii inavyofanya kazi, sharti kwanza tuuchunguze mlango wenyewe. Mwisho wa utumbo mpana kuna sehemu iliyo kama ghala, ambapo choo hukusanyika kikingojea wakati wa kutoka. Mlango wa ghala hilo unalindwa na misuli miwili ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine, kama mabawabu wawili.

Bawabu wa ndani hachukui amri yako. Hujikaza mwenyewe usiku na mchana, hata ukiwa usingizini, na ndiye anayefanya sehemu kubwa ya kazi ya kuufunga mlango wakati umetulia. Bawabu wa nje ndiye anayekutii. Ukitaka kuzuia upepo mbele ya wageni, huyo ndiye unayemwita. Pamoja nao kuna msuli wa tatu uliouzunguka utumbo kutoka nyuma mfano wa kombeo, ukiuvuta mbele hata ukawa na kona. Kona hiyo huzuia choo kushuka moja kwa moja.

Sasa angalia kinachotokea choo kinapoingia ghalani. Kuta za ghala hutanuka, na mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. Papo hapo bawabu wa ndani hulegea kidogo kwa muda mfupi, ili sehemu ya mlango yenye hisia kali ionje kilichofika: je, ni upepo, ni majimaji, au ni choo kigumu? Katika nukta hizo chache, bawabu wa nje lazima ajikaze. Akifanya hivyo, msukumo hupita, ghala hutulia, nawe waendelea na shughuli zako hadi ufike chooni. Akichelewa au akiwa dhaifu, aibu hutokea.

Kwa hiyo kuzuia choo kunahitaji mambo matatu: nguvu ya misuli, hisia za kutambua kwamba kuna kitu kimefika, na kuyafanya hayo mawili kwa wakati mmoja. Likikosekana hata moja, mlango huvuja.

Mambo yanayouharibu mlango huu ni mengi. Kwa akina mama, sababu kubwa ni uzazi. Mama anapojifungua, hasa mtoto akiwa mkubwa au akivutwa kwa vyombo, msamba huweza kuchanika hadi kwenye misuli ya mlango, na mishipa ya fahamu huweza kuvutika kupita kiasi. Mwingine hupona vizuri akiwa kijana, kisha tatizo likajitokeza baada ya kukoma hedhi, misuli inapopungua nguvu kwa umri. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na kiharusi pamoja na majeraha ya uti wa mgongo hukata mawasiliano. Upasuaji wa bawasiri pia huweza kuugusa msuli. Kuhara kwa muda mrefu nako huweza kumshinda hata bawabu mwenye afya.

Tena kuna sababu moja inayowadanganya wengi, nayo ni kufunga choo. Choo kigumu kinapokwama ghalani kwa siku nyingi, majimaji hupenya pembeni mwake na kutoka bila hiari. Nyumbani husema mzee anahara, wakamnunulia dawa ya kuzuia kuhara, na hali ikazidi kuwa mbaya. Jambo hili huwapata wazee na watoto mara nyingi. Mzazi, ikiwa mtoto wako aliyekwisha kuzoea choo ameanza tena kujichafua, weka fimbo chini. Aghalabu mtoto huyo amefunga choo na hahisi kinapotoka. Anahitaji daktari, wala kumpiga hakutamsaidia.

Kutoka Los Angeles hadi Baltimore

Wazo la kumwonyesha mtu kazi ya misuli yake ya ndani si geni. Mwaka wa 1948, daktari wa maradhi ya wanawake aliyeitwa Arnold Kegel, wa Los Angeles nchini Marekani, alichapisha maelezo kuhusu mazoezi ya misuli ya sehemu ya chini ya nyonga. Aliwatibu wanawake waliokuwa wakitokwa na mkojo baada ya kuzaa. Kegel aliona kwamba wengi wao, wakiambiwa wakaze misuli hiyo, hawakujua hata ilipo. Kwa hiyo alitengeneza kifaa kilichoingizwa ukeni na kuunganishwa na saa ya kupima shinikizo. Mama alipokaza msuli sahihi, mshale ulipanda. Alipokaza tumbo au mapaja badala yake, mshale haukumdanganya.

Neno bayofidibaki lenyewe lilianza kutumika miaka kama ishirini baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kisha mwaka wa 1974, wataalamu watatu wa mjini Baltimore, Bernard Engel, Parviz Nikoomanesh na Marvin Schuster, walichapisha katika jarida la matibabu la New England habari za wagonjwa sita waliokuwa wakishindwa kabisa kuzuia haja kubwa.

Walichofanya kilikuwa rahisi kueleza. Waliingiza puto dogo katika ghala la choo na kulijaza hewa, likatanua kuta kama ambavyo choo chenyewe kingefanya. Vipimo vingine vilisoma misuli miwili ya mlango, na mashine ikachora mistari kwenye karatasi mbele ya mgonjwa. Mgonjwa aliona bawabu wa ndani akilegea, akaambiwa: sasa hivi, kaza yule wa nje. Alipofaulu, mstari ulimwonyesha na mwalimu akamsifu. Aliposhindwa, alijaribu tena. Mwishowe walimwondolea karatasi ili wahakikishe kwamba anaweza kufanya hivyo bila kutazama.

Wagonjwa hao walijifunza kwa vipindi vinne au pungufu. Walifuatiliwa kwa muda wa kati ya miezi sita na miaka mitano. Wanne kati ya sita hawakutokwa tena kabisa, na wawili waliobaki walipata nafuu ya wazi. Hapo ndipo tiba hii ilipoanza kuenea katika hospitali za Marekani na Ulaya.

Wewe mwanafunzi, lielewe hili kwa mfano wa mtihani. Mwalimu akikupa mtihani kila wiki asikurudishie karatasi hata siku moja, utajuaje ulipokosea? Misuli ya mlango ni hivyo hivyo. Imefichika, hatuioni, na ikidhoofika hatupati habari zake. Mashine hurudisha karatasi iliyosahihishwa papo hapo.

Ndani ya chumba cha mafunzo

Siku hizi mistari huonekana kwenye kiwambo cha kompyuta badala ya karatasi, lakini kanuni ni ile ile. Mgonjwa hulala ubavu akiwa amefunikwa shuka. Mtaalamu, ambaye huwa muuguzi au mtaalamu wa tibamaungo aliyesomea kazi hii, huingiza kifaa chembamba kama kidole katika njia ya haja kubwa. Mtu huona haya na kuhisi kitu kigeni, lakini kwa kawaida hapati maumivu.

Mafunzo huwa ya aina tatu, kulingana na kile kilichopungua. La kwanza ni nguvu: mgonjwa hukaza na kulegeza huku akitazama mstari ukipanda na kushuka, akijifunza kutotumia matako, mapaja wala tumbo. La pili ni hisia: puto hujazwa hewa hadi mgonjwa aseme amehisi, kisha hewa hupunguzwa hatua kwa hatua hadi aweze kuhisi hata kiasi kidogo. La tatu ni wakati: mara tu anapohisi puto, akaze bila kuchelewa.

Kipindi kimoja huchukua takriban saa moja, na kwa kawaida mgonjwa huhitaji vipindi vinne hadi sita, vikiachana kwa wiki moja au mbili. Kati ya kipindi na kipindi kuna mazoezi ya kila siku nyumbani. Asiyefanya mazoezi hayo ni kama mwanafunzi anayelipa karo na kuishia kucheza mpira.

Je, mashine ndiyo inayoponya?

Hili ni swali la haki, hasa kwa kuwa mashine hizi hazipatikani katika kila hospitali na matibabu yana gharama. Watafiti nao waliliuliza.

Mwaka wa 2003, Christine Norton, muuguzi na mtafiti wa hospitali ya St Mark's jijini London, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 171. Waliwagawa katika makundi manne. Kundi la kwanza lilipata ushauri na uangalizi wa muuguzi tu. La pili liliongezewa mafunzo ya mazoezi ya misuli. La tatu lilipata mashine hospitalini, na la nne mashine hospitalini na nyumbani. Matokeo yaliwashangaza wengi: karibu nusu ya wagonjwa walipata nafuu katika kila kundi, na nafuu hiyo ilikuwapo hata baada ya mwaka mmoja. Mashine haikuongeza kitu kilichoweza kupimika.

Mwaka wa 2009 ukaja uchunguzi mwingine kutoka North Carolina, Marekani. Huko wagonjwa wote walianza kwa mafundisho na dawa za kawaida, na mmoja kati ya kila watano alitosheka na hayo. Ndipo wengine 108 ambao hawakutosheka wakagawanywa: baadhi wakapewa bayofidibaki na wengine mazoezi ya misuli bila mashine. Baada ya miezi mitatu, wagonjwa 76 kati ya kila 100 waliotumia mashine walisema wamepata nafuu ya kuridhisha, ilhali waliofanya mazoezi pekee walikuwa 41 kati ya kila 100.

Kisha mwaka wa 2019 uchunguzi wa wanawake 300 nchini Marekani ukapunguza tena shangwe. Waliopewa mazoezi pamoja na bayofidibaki, au dawa ya kupunguza kuhara, hawakuwashinda waliopewa kijitabu cha mafundisho na tembe isiyo na dawa. Wanawake wa makundi yote walipata nafuu kiasi.

Je, tuamini lipi? Ukiyaweka matokeo hayo pamoja, yanatueleza jambo moja la maana. Mashine ni kioo. Kioo humsaidia anayenyoa ndevu, lakini wembe umo mkononi mwake. Kinachomsaidia mgonjwa zaidi ni kueleweshwa mwili wake, kurekebisha chakula na desturi za chooni, kufanya mazoezi kwa bidii, na kupata mtu wa kumsikiliza bila kumcheka. Wengi hupata nafuu kwa hayo tu. Wale ambao hayo hayawatoshi, wakipata mtaalamu mwenye ujuzi, kioo huweza kuwafikisha mbali zaidi.

Kwa hivyo, msomaji, usiseme: "Hospitali ya mtaani kwetu haina mashine, basi niishi hivi." Hatua za kwanza hazihitaji mashine.

Ya kuanzia nyumbani

Kwanza, mwone daktari ili ajue chanzo. Usichelewe hata kidogo ukiona damu chooni, ukikonda bila sababu, au desturi yako ya choo ikibadilika ghafla. Na ikiwa umepoteza hisia katika sehemu za siri, huku miguu ikilegea au mkojo ukikushinda, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda mishipa ya uti wa mgongo inabanwa.

Pili, andika. Kwa wiki mbili weka daftari: umekula nini, umeenda choo saa ngapi, choo kilikuwaje, na kilikuponyoka lini. Daftari hilo litamweleza daktari mengi kuliko maneno.

Tatu, angalia chakula. Choo kilichoshikana huzuilika kwa urahisi kuliko majimaji. Kahawa, chai kali, pombe na pilipili huchochea utumbo wa watu wengi. Maziwa nayo huwaharisha wale ambao matumbo yao hayayawezi. Maganda ya isabgol yanayouzwa katika maduka ya dawa hukishikanisha choo na yamewasaidia wengi, lakini yanywe kwa maji ya kutosha. Usikate chakula wala maji kwa hofu ya kwenda choo.

Nne, fanya mazoezi. Keti au ulale, kisha kaza mlango wa nyuma kana kwamba unazuia upepo. Matako, mapaja na tumbo vitulie, na usizuie pumzi. Kaza kwa nguvu huku ukihesabu polepole hadi tano, kisha legeza kabisa ukihesabu hadi kumi. Rudia mara tano, umalizie kwa mikazo mitano ya haraka. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, hata ukiwa kwenye foleni ya benki, maana hakuna atakayejua. Misuli haijengeki kwa siku mbili. Jipe miezi mitatu kabla ya kuhukumu.

Tano, jifunze kuahirisha. Watu wengi wenye shida hii hukimbilia choo mara tu wanapohisi chochote, na ghala huzoea kudeka. Ukishafika chooni salama, ngoja dakika moja kabla ya kuachilia. Ukiweza hilo, ongeza hadi dakika tano, kisha kumi. Baadaye ngojea nje ya mlango wa choo. Hofu hupungua kadiri mtu anavyojua kwamba anaweza kungoja. Lakini kama umefunga choo, zoezi hili si lako. Tibu kwanza kufunga huko.

Mwisho, tunza ngozi. Nawa kwa maji, jikaushe taratibu bila kusugua, na upake mafuta mazito yanayozuia unyevu.

Sharti pia tuseme kinachoshindikana. Mazoezi hayaungi msuli uliokatika vipande viwili, na aliyepoteza hisia kabisa hawezi kufundishwa kwa puto. Aidha, mama aliyepata fistula, yaani tundu lililotoboka kati ya uke na utumbo au kibofu baada ya uchungu wa muda mrefu, anahitaji upasuaji wa kuliziba tundu hilo. Duniani kote tarehe 23 Mei hukumbukwa kuwa siku ya kupiga vita fistula, na upasuaji wake hufanywa humu nchini. Kwa wengine, zipo tiba nyingine, kama kushonwa upya kwa msuli au kuwekewa kifaa kinachochochea mishipa ya fahamu ya sehemu ya chini ya mgongo. Daktari ndiye atakayeamua ifaayo.

Jinsi ya kulitamka

Pengine kikwazo kikubwa kuliko vyote ni sentensi ya kwanza. Wengi hufika mbele ya daktari wakasema tumbo linawasumbua, wakapewa dawa za minyoo na kurudi nyumbani. Jizoeze kusema hivi: "Daktari, choo hunitoka bila mimi kutaka." Basi. Daktari amesikia hayo mara nyingi, na maswali mengine atauliza yeye. Ukiona haya kumwambia mwanamume, omba kuonana na muuguzi wa kike. Mama uliyejifungua juzi, mwambie mkunga wakati wa kliniki ya mtoto, hata kama ni upepo tu unaokuponyoka. Mapema ni bora.

Na wewe unayeishi na mtu unayemshuku kuwa na shida hii, usimwulize mbele ya watu, wala usimwonyeshe nguo uliyoikuta. Ikiwa ni mkweo, heshima iliyopo kati yenu inaweza kuufunga mdomo wake na wako. Tafuta anayeweza kulisema. Katika jamii zetu nyingi mjukuu hutaniana na nyanya yake au babu yake, na jambo ambalo mtoto hawezi kumuuliza mzazi, mjukuu hulipenyeza kwa mzaha wa upole. Mjukuu aliye chuoni aweza kumsomea nyanya ukurasa huu, kisha anyamaze kidogo na kumwachia nafasi.

Akisema, usishtuke na usicheke. Mwambie kwamba wako wengi, kwamba misuli hufundishika, na kwamba siku ya kwenda kliniki utamsindikiza. Chagueni kiti kilicho karibu na mlango wa matatu, mbebe nguo ya kubadilisha ndani ya mfuko, na muondoke mapema kabla ya msongamano.